Ushanga Mweusi wa Ugogo na Kadi ya Tembo

Henry Morton Stanley aliposhuka Zanzibar Januari 1871, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone, jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa fedha ya njiani. Ukishaiacha Bagamoyo sarafu hazikukufikisha mbali. Wafanyabiashara wa Kisiwani walimweleza kwamba bara hulipwa kwa nguo, ushanga na waya, na kwamba ushanga ndio wenye mitego. Unyamwezi walitaka mwekundu, aina nyingine wakazikataa. Ugogo mweusi ulipokelewa bila shida, lakini ukivuka nao kwenda kwa majirani haukununua chochote. Ujiji walikuwa na wa kwao, ambao Mgogo asingeutazama mara mbili. Ikabidi Stanley akae chini apige hesabu: siku ngapi Ugogo, siku ngapi Unyamwezi, wapagazi wangapi, na kila mmoja atakula nini. Hesabu ikikosewa, msafara ungebeba mizigo ya fedha isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Fundi wa programu anayehudumia maduka na ofisi za Dodoma leo anaujua ugonjwa huo vizuri. Kadi ya benki moja inakataliwa na mashine ya benki nyingine. Mashine imepokea malipo, lakini kompyuta ya duka haina habari. Kompyuta ina habari, lakini risiti ya kodi haijatoka. Miaka mia moja na hamsini imepita, na bado watu wa nyanda za kati wanahangaika na maswali ambayo misafara ilihangaika nayo huko Mvumi, Ugogo: nani anathibitisha kwamba fedha hii ni fedha, na ikishapokelewa inaandikwa wapi?

Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, ulikuwa katikati ya nyika mbili kavu, Marenga Mkali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Msafara uliotoka pwani ulifika Ugogo na kiu, na visima na mabwawa yalikuwa ya Wagogo. Watemi walitoza hongo, na kila aliyepita alilipa. Richard Burton na John Hanning Speke walilipa mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871. Waliandika malalamiko marefu, na msomaji wa Ulaya akabaki na picha ya Mgogo mnyang'anyi anayemvizia msafiri barabarani. Picha hiyo si ya haki. Watu mamia kadhaa, pamoja na punda wao, waliteremka kwenye kisima cha kijiji wakati wa kiangazi na kunywa maji ambayo ng'ombe wa kijiji wangeyanywa kesho yake. Kuwatoza ilikuwa ushuru halali wa nchi yenye maji machache. Hata neno lenyewe limepata bahati mbaya, maana hongo ya leo ni rushwa, na kijana anayesoma habari za Ugogo wa zamani huingia na hukumu mkononi kabla hajafika kwenye kisima.

Kilichochukua muda ilikuwa kukubaliana juu ya ubora na kipimo cha kilicholipwa. Nguo iliyotakiwa zaidi ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833. Mikono minne ilifanya shuka, mashuka mawili yakafanya doti. Lakini mkono ni wa nani? Wa mpagazi mfupi au wa mtemi mrefu? Nguo ilikunjuliwa, ikapimwa, ikashikwa mbele ya jua kuona kama ni nzito, na ikionekana hafifu ilirudishwa kambini ili iongezwe nyingine. Mazungumzo yangeweza kula siku nzima au zaidi. Thamani ya malipo ilikaguliwa pale pale, kwa macho na vidole, na mpokeaji mwenyewe.

Wajerumani walileta ukaguzi wa aina nyingine. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa mwaka 1890, na pesa hizo za shaba ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu ili mtu wa pwani azitambue. Pesa 64 zilifanya rupia moja, hadi 1904 hesabu ilipobadilishwa na rupia ikagawanywa kuwa heller 100. Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, ndiyo iliyoisukuma sarafu hadi vijijini. Aliyekuwa na mtama na ng'ombe tu alilazimika kutafuta kipande cha fedha chenye alama ya serikali. Reli nayo ikafuata. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na vibarua wake walilipwa kwa rupia. Hapo mpokeaji aliacha kupima nguo kwa mkono. Alitazama alama iliyogongwa kwenye sarafu, akaigonga mezani asikie mlio wake, akaiamini.

Kisha ikaja vita, na meli za Waingereza zikafunga pwani. Sarafu mpya hazikuweza kuingia. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walianza kutengeneza fedha yao wenyewe. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, katika mkoa unaoitwa sasa Singida. Sarafu ya rupia 15 iliyotoka karakanani ilikuwa na picha ya tembo akiwa ameinua mkonga, mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora Septemba mwaka huo na kazi ikasimama, lakini tembo wa Sekenke anakumbukwa hadi leo na wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Serikali iliyomtoa ilikuwa inakimbia, na bado alikubalika. Uthibitisho wake ulikuwa ndani yake mwenyewe, katika dhahabu ya Iramba.

Tembo ana makazi ya kudumu katika habari za eneo hili. Wenyeji wa Dodoma husimulia kwamba jina la mji wao lilitokana na tembo aliyezama kwenye tope alipokwenda kunywa maji, na Wagogo waliomwona wakasema kwa Kigogo kwamba amezama: idodomya. Karibu miaka tisini baada ya sarafu ya Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Benki ya CRDB ilipoanza kuwapa wateja wake kadi, iliziita TemboCard. Tembo akarudi katika malipo ya nyanda za kati, safari hii akizama kwenye mdomo wa mashine.

Kati ya tembo hao wawili kuna kipindi kirefu cha karatasi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 ikiwa na picha ya simba. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966 na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa na shughuli zao zikawekwa chini ya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Mfanyakazi aliyehamishiwa Dodoma baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko alikuja na kitabu chake cha benki kama alivyokuja na godoro lake. Uthibitisho ulikuwa kadi ya sahihi iliyohifadhiwa tawini. Karani alitazama sahihi iliyo mezani, akatazama ile ya kwenye faili, akaamua. Kama mkono ulitetemeka kwa homa, mtu alirudi nyumbani bila fedha yake.

Sheria ya Benki ya 1991 iliruhusu benki binafsi. CRDB ilibinafsishwa 1996, na mwaka uliofuata NBC iligawanywa, NMB ikazaliwa na kurithi matawi ya wilayani. Kadi zilipoanza kuenea, ugonjwa wa ushanga ulijitokeza tena: kila benki na kadi yake, kila kadi na mashine zake. Benki ndogo zilijiunga pamoja katika mtandao wa UmojaSwitch ili mteja wa benki moja aweze kutoa fedha kwenye mashine ya nyingine. Kwa mji kama Dodoma, ambao wakati wa Bunge hupokea wageni wenye kadi za kila rangi, hilo halikuwa jambo dogo.

Kadi hizo za mwanzo zilikuwa na mstari wa sumaku mgongoni, na zilileta kitenzi kipya: kuchanja. Kadi ilipitishwa kwa haraka kwenye mfereji wa mashine, kama wembe unavyopita kwenye ngozi ya anayechanjwa. Kitendo chenyewe kimekwisha, kwa kuwa leo kadi huchomekwa au huguswa tu, lakini watu bado wanachanja.

Kuunganisha kisomaji cha mstari wa sumaku na programu ya duka ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Vingi vya visomaji hivyo vilijifanya kibodi. Kadi ikipitishwa, tarakimu ziliingia kwenye kompyuta kana kwamba keshia amezichapa kwa vidole vyake. Fundi hakuhitaji kujua chochote kuhusu kadi, alihitaji tu kisanduku cha kuandikia kwenye skrini. Wepesi huo huo ulimfaa mwizi. Mstari wa sumaku ni maandishi, na maandishi hunakiliwa. Kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye mdomo wa ATM kiliweza kuyasoma, na kadi nyeupe isiyo na jina ikapewa nakala yake.

Chipu ilitoka Ufaransa. Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake mwaka 1974, na kufikia mwisho wa 1992 kadi za benki za Ufaransa zilikuwa na chipu. Europay, Mastercard na Visa walikaa pamoja katika miaka ya 1990 na kuandika kanuni za pamoja, zinazoitwa EMV kwa herufi za mwanzo za majina yao, ili kadi iliyotolewa nchi moja isomwe na mashine ya nchi nyingine. Uingereza ilifanya namba ya siri kuwa lazima kwa wenye kadi za chipu tarehe 14 Februari 2006. Marekani, nchi ya merikani, ilichelewa hadi Oktoba 2015, mfanyabiashara asiye na kisomaji cha chipu alipoanza kubebeshwa hasara ya udanganyifu. Benki za Tanzania zilibadilisha kadi zao katika muongo huo huo wa 2010.

Kwa fundi wa programu kila kitu kiligeuka, kwa sababu chipu ni kompyuta ndogo na inataka mazungumzo. Kisomaji kinaipelekea umeme kupitia vile vidoti vya rangi ya dhahabu. Kadi inaamka na kujitambulisha. Kisomaji kinauliza ina huduma gani ndani yake, kisha kinachagua mojawapo. Kinaipelekea kiasi cha fedha, aina ya sarafu, tarehe, na namba iliyookotwa kwa bahati ambayo kadi haikuweza kuibashiri. Kadi inachukua vyote hivyo, inavichanganya na ufunguo wa siri uliofungiwa ndani yake na usiotoka nje hata siku moja, na inatoa saini ya muamala huo mmoja tu. Kila muamala unaongeza namba kwenye daftari lake la ndani. Saini hiyo inakwenda benki, ambako kuna njia ya kupata ufunguo huo huo, inakaguliwa, na jibu linarudi. Mwizi akiinakili saini ya leo, kesho haimsaidii kitu.

Ni kama tembo wa Sekenke. Uthibitisho umerudi ndani ya kitu chenyewe, na keshia hana tena sababu ya kutazama sahihi wala kugonga sarafu mezani.

Ila mazungumzo hayo yana masharti makali. Kisomaji lazima kipimwe na kupewa cheti kwa upande wa umeme na vifaa, programu inayoendesha mazungumzo na kadi nayo ipimwe, kisha njia nzima kutoka kaunta hadi benki ipimwe tena kwa pamoja. Msanidi anayetaka programu yake ya duka izungumze na chipu moja kwa moja anaingia katika njia ndefu na ya gharama. Ndiyo maana sehemu nyingi za dunia zimechagua njia ya kati. Programu ya duka inatuma kiasi tu kwenda kwenye mashine ya benki, kwa waya au kwa mtandao wa ndani, na mashine inashughulika yenyewe na kadi, namba ya siri na benki. Mwisho inarudisha jibu fupi: imekubaliwa au imekataliwa, pamoja na namba ya kumbukumbu na tarakimu nne za mwisho za kadi. Programu haioni namba kamili ya kadi, kwa hiyo haina cha kuibiwa. Kwa duka la kawaida la Dodoma hiyo ndiyo njia yenye akili.

Kuna chipu nyingine iliyotangulia kufika, na wengi hawaihesabu. Laini ya simu ni kadi ya chipu. Laini ya kwanza duniani ilitengenezwa 1991 na Giesecke & Devrient kwa ajili ya Radiolinja ya Finland, na ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, vidoti vile vile, kanuni zile zile za kuzungumza na kisomaji. Ndani yake kuna ufunguo wa siri, na mtandao wa simu huihoji kabla ya kuikubali, kama mashine ya benki inavyoihoji kadi. Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, na Aprili 2008 ikaleta M-Pesa. Mfugaji wa Bahi aliyepiga *150*00# kwenye simu ya vitufe alikuwa na kadi ya chipu na kisomaji chake mkononi, miaka kadhaa kabla mwenye duka wa mjini hajapata mashine ya benki. Ushanga nao ulimfuata huko, kwa sababu mwanzoni fedha ya mtandao mmoja haikuingia kwenye pochi ya mtandao mwingine. Kampuni za simu zilianza kupokezana fedha mwaka 2014, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo.

Historia hii inaeleza kwa nini kisomaji cha kadi kimechelewa kushika mizizi madukani. Aliyekuwa na simu hakuliona pengo. Mashine ya benki ilionekana kwanza kwa wakala, mwenye meza karibu na stendi au sokoni Majengo, anayepokea na kutoa fedha kwa niaba ya benki baada ya Benki Kuu kuruhusu utaratibu huo mwaka 2013. Dukani ilifika baadaye, na ilipofika ilikuta kaunta ina wenyeji.

Mwenyeji mmojawapo ni mashine ya EFD, inayotoa risiti za kodi. Mamlaka ya Mapato ilianza kuitumia 2010 kwa wafanyabiashara wa VAT, na ilipopanuliwa kwa wengine upinzani ukawa mkubwa, hata maduka katika miji kadhaa yakafungwa kwa mgomo mwaka 2014. Leo imezoeleka, na imepata ndugu yake VFD, inayotoa risiti kupitia programu bila kisanduku cha pembeni. Kwa hiyo kwenye kaunta moja unaweza kukuta kompyuta yenye programu ya mauzo, mashine ya benki, EFD, na karatasi ya lipa namba iliyobandikwa kwa selotepu. Kila kimoja kina daftari lake, na vyote vinasubiri vidole vya mtu mmoja.

Keshia anachapa 45,000 kwenye kompyuta. Anachapa tena 45,000 kwenye mashine ya benki. Anachapa kwa mara ya tatu kwenye EFD. Foleni ni ndefu, mteja anaongea na simu, na sifuri moja ya ziada inaingia katika daftari moja kati ya matatu. Jioni hesabu hazilingani, na kwa kawaida lawama humwangukia keshia. Aliyeagiza vifaa vitatu visivyofahamiana haulizwi.

Serikali, ambayo sasa iko Dodoma kwa wingi wake, ilikutana na jambo hili kwa ukubwa usio wa duka. Kabla ya Oktoba 2016 waziri mkuu alikuwa ameshahamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Katikati ya hapo, Julai 2017, Wizara ya Fedha ilianzisha mfumo wa malipo ya serikali, GePG. Kila deni la serikali likapewa kontroli namba yake. Mlipaji anakwenda nayo benki, kwa wakala au kwenye simu, na fedha inapofika mfumo unajua imelipia nini. Huu ni uamuzi wa kiufundi unaostahili sifa. GePG haikuanza na kisomaji, ilianza na daftari: deni linaandikwa kwanza, kisha malipo yanalitafuta deni lake, kwa njia yoyote yatakayopitia.

Halmashauri zilipita njia nyingine pia, kwa sababu ushuru wao mwingi hukusanywa barabarani na sokoni. Mfano ni Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, penye soko la kimataifa la mahindi. Malori hupakia, na ushuru wa mazao hulipwa. Bajeti ya 2017/18 iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikamwondolea mwenye mzigo usiozidi tani moja. Mkusanyaji hushika mashine ya POS, lakini mara nyingi si ya kusoma kadi. Anapokea fedha taslimu, anaingiza kiasi, mashine inatoa risiti, na baadaye anatakiwa kupeleka fedha benki kwa kontroli namba. Hapo kati, baina ya risiti na benki, ndipo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudi mara kwa mara: mashine zilizokaa muda mrefu bila kuwa hewani, makusanyo yaliyoonekana kwenye mfumo na hayakuonekana benki.

Mtu anaweza kusema ni tatizo la uadilifu, na ni kweli kwa sehemu. Lakini ukilitazama kwa macho ya fundi, mashine ile imepewa kazi nusu. Inaandika kwamba fedha imepokelewa, haiipokei. Mlipaji wa Kibaigwa angechomeka kadi au kulipa kwa simu kwenye mashine ile ile, na risiti ikatoka tu baada ya benki kujibu, pengo lingefungwa bila kumwajiri mkaguzi mwingine. Vipande vipo. Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaopitisha malipo ya papo kwa papo kati ya benki na kampuni za simu, na ina msimbo wa pamoja wa TANQR, ili mlipaji wa mtandao wowote asome karatasi moja. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ipo tangu 2015. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kina ndaki nzima ya informatikia. Wataalamu wa kuunganisha hawatoki mbali.

Kinachobaki ni sehemu ngumu ya kazi, ambayo haionekani siku ya maonyesho. Mtandao unakatika. Umeme unakatika. Fikiria mteja amechomeka kadi, ameingiza namba ya siri, chipu imetoa saini yake, benki imekubali na kukata fedha, na jibu likiwa njiani mtandao unapotea. Skrini ya duka inasema muamala umeshindikana. Keshia anaomba kadi tena, na mteja anakatwa mara mbili. Au anakataa, na mteja anaondoka bila mzigo na bila fedha yake. Programu iliyotengenezwa vizuri inaandika kwenye daftari lake, kabla ya kutuma chochote, kwamba muamala fulani wa kiasi fulani umeanza. Jibu lisipofika kwa muda uliowekwa, haikisii. Inaiuliza benki kilichotokea kwa kutumia namba ile ile, na kama haipati jibu inatuma ombi la kuufuta muamala, inalirudia hadi lithibitishwe, hata kama ni kesho asubuhi umeme utakaporudi. Programu iliyotengenezwa haraka haifanyi hivyo, na tofauti yao haionekani hadi siku mtandao unapokata.

Kwa sababu hiyo, mkurugenzi wa halmashauri, mhasibu wa hospitali, mwenye hoteli au mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayekaribia kusaini mkataba wa mfumo wa malipo jijini Dodoma na auombe upande wa pili jambo moja kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wachomeke kadi halisi mbele yake, walipe shilingi elfu moja, na jibu la benki likiwa bado njiani achomoe waya wa mtandao kwa mkono wake mwenyewe. Kisha wote wasubiri, waone daftari la duka linasema nini, la benki linasema nini, na risiti ya kodi inasema nini. Kama matatu hayo hayalingani, asisaini.